Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mama akisema mtoto alipaliwa, aaminiwe

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI)
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

YAH: WATOTO WALIOINGIWA NA VITU KWENYE NJIA YA HEWA

Waheshimiwa,

Husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali moja ya rufaa huku Kanda ya Ziwa. Mtoto akiletwa chumba cha upasuaji, mimi ndiye ninayempokea kutoka mikononi mwa mama yake, nikamlaza usingizi na kuilinda pumzi yake mpaka aamke. Nimezoea upasuaji wa kila aina, wa mchana na wa usiku wa manane. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye karanga ndani ya pafu bado hunikausha mate. Ugumu wa kazi hiyo tuliusomea, kwa hiyo siandiki kuulalamikia. Naandika kwa sababu wengi wa watoto hawa hutufikia wamechelewa, na uzembe si wa wazazi wao. Mama alikwenda zahanati mapema. Alisema kilichotokea. Hakusikilizwa.

Ombi langu kubwa kuliko yote ni hilo. Mama akisema "mwanangu alipaliwa", neno hilo liandikwe kwenye faili na lifanyiwe kazi kwa uzito uleule tunaoutumia tukisikia neno "degedege". Mengine yote nitakayoomba, vifaa, magari, mafunzo, yanaanzia hapo.

Kwa wasiokaa wodini, nieleze kidogo. Wanaopatwa zaidi ni watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Umri huo kila kitu hupimwa kwa mdomo. Mtoto ana meno ya mbele ya kukatia, ila magego ya kusagia bado hayajakamilika, kwa hiyo karanga anaikata vipande lakini hawezi kuisaga. Akicheka, akilia, akishtuka au akikimbia nayo mdomoni, anavuta pumzi, na karanga inafuata hewa badala ya kushuka kwenye umio. Anakohoa mpaka machozi yanamtoka, uso unabadilika rangi, pengine anatapika. Kitu kikiziba koo la hewa lote, zimebaki dakika chache tu. Lakini mara nyingi hakizibi lote. Kinateleza kikaingia kwenye mrija wa pafu moja, zaidi lile la kulia, kwa sababu mrija wake ni mpana na umenyooka kuelekea chini kuliko wa kushoto. Hapo kikohozi kinapungua. Mtoto anatulia, anarudi kucheza, na nyumba nzima inamshukuru Mungu.

Utulivu huo ndio unaotuponza. Karanga iliyolala ndani ya mrija hunywa maji ikavimba, na mafuta yake huwasha utando wa ndani nao ukavimba juu yake. Harage na punje ya mahindi nazo huvimba vivyo hivyo. Baada ya siku chache kikohozi kinarudi, kifua kinatoa mlio, homa inapanda. Akipelekwa zahanati sasa, anafanana kabisa na mtoto mwenye nimonia au pumu, na benchi la asubuhi hiyo limejaa watoto wenye nimonia kweli.

Niwaeleze habari za mtoto mmoja, bila jina lake na bila kutaja alikopita. Alikuwa wa kike, mwenye mwaka mmoja na miezi kumi. Bibi yake alikuwa anachambua karanga kwenye ungo, mtoto akachota kiganja, kaka yake akamkimbiza, akapaliwa. Kesho yake mama akampeleka zahanati na kueleza hivyo hivyo. Akapimwa joto, akahesabiwa pumzi, akapewa amoksilini ya kuyeyusha. Daftari lake nimelishika mimi mwenyewe. Limeandikwa: "kikohozi, siku 1, homa". Karanga haimo. Aliporudi mara ya pili akapelekwa kituo cha afya, akachomwa sindano siku tano, karanga haimo. Akaongezewa dawa ya pumu, karanga haimo. Katikati ya mahangaiko hayo, watu wa nyumbani wakashauri kwamba kikohozi kisichoisha ni kimeo, mtoto akapelekwa kwa mkataji, akakatwa.

Waheshimiwa, madaktari wamekemea ukataji wa kimeo miaka nenda rudi, na wanafanya vyema, maana watoto wanavuja damu na wengine wanapata maambukizi mabaya. Lakini tukemee tukijua mama amefikaje kule. Huyu alifika baada ya kuzunguka kwetu na kurudishwa nyumbani na chupa ya dawa.

Alipotufikia ilikuwa wiki ya tatu. Ukiweka sikio upande wa kulia, hewa haisikiki. Tuliitoa ile karanga kwa vipande, imelainika, imezungukwa na usaha. Mtoto aliishi. Ila sehemu ya chini ya pafu lile iliharibika, mirija ikatanuka na hairudi tena kama ilivyokuwa, na kila masika anarudi kliniki na makohozi mazito yenye harufu. Siku ile tulipompa mama matokeo, hakutulaumu. Alisema tu kwamba karanga ile aliitaja kwa kila aliyevaa koti jeupe.

Simlaumu tabibu wa zahanati. Yuko peke yake na muuguzi mmoja, anafuata mwongozo wa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano, na mwongozo huo ni mzuri na umeokoa watoto wengi. Unamwambia aulize kikohozi kina siku ngapi. Unamwambia ahesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Unamwambia aangalie kama kifua kinabonyea. Naomba uongezwe mstari mmoja tu hapo, wenye kisanduku cha kuweka alama: "Je, kikohozi kilianza ghafla, mtoto akila au akicheza na kitu kidogo? Je, alipaliwa?" Jibu likiwa ndiyo, asirudishwe nyumbani, hata kama sasa anacheka. Apelekwe anakoweza kuchunguzwa ndani ya njia ya hewa.

Swali lenyewe liulizwe hata pale ambapo mama halitaji, maana mara nyingine hakuwapo. Alikuwapo dada wa kazi, au kaka wa miaka sita ambaye anaogopa kuchapwa. Nimeona kesi ambayo tuliipata kwa mtoto mwenziwe, tulipomuuliza kwa upole akiwa peke yake, akasema "alimeza ile taa nyekundu ya gari". Ilikuwa taa ndogo ya gari la kuchezea, na ilikuwa kwenye pafu la kushoto.

Kuna jambo jingine linalopoteza muda, nalo ni imani yetu kwa eksirei. Picha ya kifua ikirudi safi, watu wanapumua. Lakini karanga, harage, mbegu ya ukwaju, mbegu ya tikiti, ganda la alizeti na plastiki nyingi hazionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana, kikionekana, ni dalili za pembeni: pafu moja limejaa hewa isiyotoka, au sehemu imesinyaa. Hata hizo saa za mwanzo zinaweza zisiwepo. Kwa hiyo picha safi haiwezi kulifuta neno la mama. Hili liandikwe kwa herufi kubwa katika kila chumba cha daktari anayesoma picha za watoto. Sarafu, pini na betri huonekana, na pini nimeitaja kwa makusudi. Kwa dada zetu wanaofunga ushungi na kushikilia pini kwa midomo huku wakizungumza, pini hiyo huvutwa kwa kicheko kimoja. Hao ni wasichana wakubwa, wa sekondari, wala si watoto wachanga.

Sasa niwapeleke chumba cha upasuaji, kwa sababu ninachoomba humo kina bei na ni haki yenu kujua fedha inakwenda wapi.

Kitu hicho hutolewa kwa bronkoskopu ngumu. Ni mrija wa chuma, mwembamba, ulionyooka, unaopitishwa mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, mpaka ndani ya koo la hewa. Ubavuni una tundu ambalo mimi huunganisha oksijeni, ili mtoto aendelee kupumua huku daktari bingwa wa masikio, pua na koo akichungulia kwa lenzi na kupitisha kibanio kirefu. Katika upasuaji mwingine mimi hukaa kichwani na daktari hukaa tumboni au mguuni, kila mtu na eneo lake. Hapa sote wawili tunaitaka njia ileile moja, na upana wake hauzidi sana kidole cha mwisho cha mtoto mwenyewe. Mara nyingi tunapenda aendelee kuvuta pumzi mwenyewe, kwa sababu hewa ya kusukumwa kwa nguvu yaweza kukishindilia kitu chini zaidi. Usingizi ukiwa mwepesi, atakohoa mrija ukiwa ndani. Ukiwa mzito kupita kiasi, ataacha kupumua. Macho yangu yako kwenye kipimo cha oksijeni, masikio yangu kwenye mlio wake, maana oksijeni ikishuka sauti nayo inashuka.

Karanga haibanwi kwa nguvu. Ukiibana inasagika, na vipande vinateremka kusikofikika. Daktari anaishika kama anavyoshika yai, anaivuta mpaka mdomoni mwa mrija, kisha mrija, kibanio na karanga vinatoka pamoja, kwa sababu haiwezi kupita ndani ya mrija wenyewe. Mahali pa kutisha ni kwenye nyuzi za sauti. Pale ni pembamba kuliko kwingine, karanga inaweza kuchomoka na kuziba koo lote, na mtoto aliyekuwa anapumulia pafu moja akawa hana hata hilo. Ikitokea hivyo na haishikiki mara moja, daktari huisukuma irudi chini kwenye pafu moja, ili lingine lipate hewa, tujipange upya. Uamuzi huo unafanywa na watu waliowahi kuufanya, kwa vifaa vinavyolingana na mtoto. Baada ya kuitoa, mrija unarudishwa tena kukagua kama kuna kipande cha pili. Kisha tunakaa na mtoto saa nyingi, maana koo lililoguswaguswa huvimba.

Seti ya mtu mzima haimfai mtoto wa mwaka mmoja. Inatakiwa seti yenye mirija ya saizi mbalimbali za watoto, lenzi zake, taa, waya wa taa na vibanio vya aina tofauti, kwa sababu kibanio cha karanga sicho cha pini. Inatakiwa pia fundi anayejua kuitunza na muuguzi anayejua kuisafisha. Lenzi moja ikipasuka, au waya wa taa ukikatika na usiagizwe mwingine, seti nzima inabaki kabatini na kwenye orodha ya mali inasomeka ipo. Bohari ya Dawa (MSD) inaponunua, inunue na vipuri vyake na mkataba wa matengenezo katika manunuzi hayohayo.

Wala siombi maajabu ya karne hii. Mwaka 1897, daktari Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alimtoa mkulima mmoja kipande cha mfupa kwenye mrija wa pafu kwa mrija wa chuma kupitia mdomoni. Baadaye Chevalier Jackson, daktari wa Philadelphia nchini Marekani, akaifanya kazi hiyo kuwa fani, akafundisha wengi, na akahifadhi kila alichokitoa. Mkusanyiko wake wa vitu 2,374, pini, vifungo, sarafu, mifupa, midoli, uko mpaka leo katika jumba la makumbusho la Mütter la mji huohuo. Nikitafakari kazi yake, kinachonigusa zaidi ni kwamba hakuishia kuvitoa. Alichoka kupokea watoto walioungua koo kwa magadi makali ya kusafishia, akaenda kwa watunga sheria, na mwaka 1927 Marekani ikapitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni ziweke alama ya sumu kwenye bidhaa hizo. Ndiyo maana nami nawaandikia ninyi, sikuishia kwenye kikao cha asubuhi cha idara.

Vifaa hivi nchini vipo, na wataalamu wapo. Muhimbili, KCMC kule Moshi na Bugando hapa Mwanza ni hospitali ambazo watu hupewa rufaa kwazo kutoka mikoa mingi, na zinafundisha madaktari bingwa. Shida ni njia ya kufika. Kutoka Sumbawanga kwenda hospitali ya kanda iliyoko Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Mtoto anayepumulia pafu moja akisafirishwa umbali huo kwenye basi, akiwa amepakatwa, hana oksijeni wala mtu wa kumwangalia, karanga yake inaweza kuhama kwa tuta moja la barabarani. Naomba Wizara iamue, kwa ramani, hospitali zipi za mikoa zitapewa seti ya watoto na timu yake, tukianza na mikoa iliyo mbali zaidi na hospitali za kanda. Majengo tunayo. Mwaka 2021 nchi ilipopata ule mkopo wa trilioni 1.3 za UVIKO-19, hospitali nyingi zilijengewa idara za dharura na vyumba vya uangalizi maalumu. Kuta zipo, vitanda vipo, sehemu nyingi oksijeni imefika. Kinachokosekana ni kile kisanduku cha chuma na watu waliofundishwa kukitumia.

Na wafundishwe pamoja. Tumekuwa na tabia ya kumpeleka daktari bingwa mmoja kwenye kozi, anarudi na cheti, anamkuta mtu wa usingizi ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo. Operesheni hii haifanywi na mtu mmoja. Daktari, mtu wa usingizi na muuguzi wa vyombo waende hospitali ya kanda pamoja, wakae mpaka wameifanya kwa mikono yao chini ya usimamizi, kisha warudi pamoja. Tukimhamisha mmoja mwezi unaofuata, tumevunja timu. Hapo naongea na TAMISEMI na Wizara kwa pamoja, kwa sababu zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko TAMISEMI, hospitali za mikoa ziko Wizarani, na mtoto anayepewa rufaa hudondoka katikati ya ofisi mbili.

Kuhusu usafiri, mfano mzuri tumeutengeneza wenyewe. Mfumo wa m-mama umetufundisha kwamba namba moja ya bure, 115, na dereva wa kijijini anayelipwa kwa safari vinaweza kumfikisha mjamzito hospitalini pale ambapo gari la wagonjwa halipo. Unawahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Naomba mtoto wa chini ya miaka mitano aliyepaliwa aruhusiwe kuingia kwenye mfumo huo. Si wengi kiasi cha kuuelemea, na safari yao ni ya aina ileile: ya haraka, yenye kituo kinachojulikana, na simu inayotangulia ili watu wa chumba cha upasuaji wajiandae. Simu hiyo peke yake hutuokolea saa nzima.

Matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano kwa sera yetu ni ya msamaha. Hata hivyo nimeona wazazi wakiambiwa wakanunue glovu, dawa na mirija dukani nje ya geti huku mtoto akihema mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Kwa kuwa sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, huduma hii itajwe waziwazi ndani ya kitita cha msingi, isije ikaonekana ni kipimo cha kifahari kwa sababu tu jina lake ni refu.

Nirudi nyuma sasa, kabla ya kupaliwa kwenyewe. Kliniki ya mtoto tunayo, na kina mama wanaihudhuria. Chanjo ya surua-rubela hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18. Miezi 9 ndiyo mtoto anaanza kutambaa na kuokota vitu kwa vidole viwili. Miezi 18 ndiyo anakimbia na chakula mdomoni. Hakuna wakati mwingine unaofaa kama huo kumwambia mama mambo machache: karanga nzima, korosho, mahindi ya kukaanga, bisi na pipi ngumu zisimfikie mtoto mpaka afike miaka minne au mitano. Asimwache ale akitembea. Asimnyweshe uji wala dawa kwa kumbana pua, jambo ambalo bado linafanyika kwenye nyumba nyingi na linaingiza uji moja kwa moja kifuani. Tuseme kwa usahihi lakini. Karanga ni chakula bora, na wataalamu wetu wa lishe wamehangaika sana kuwashawishi wazazi waiweke kwenye uji. Isagwe. Iliyosagwa laini ikachanganywa kwenye uji haina kosa. Ujumbe huu ukitoka vibaya tutaharibu kazi ya lishe, kwa hiyo uandikwe na Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na watu wa masikio, pua na koo, na upigwe chapa kwenye kadi ya kliniki yenyewe.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wafundishwe huduma ya kwanza na wao wawafundishe kina mama na walimu wa chekechea. Haihitaji projekta. Mtoto anayekohoa kwa sauti aachwe akohoe, asipigwepigwe wala asinyweshwe maji. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kutoa sauti, akiwa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi kwenye mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, apigwe mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Ikishindikana ageuzwe chali, abonyezwe mara 5 katikati ya kifua. Zirudiwe hizo kwa kupokezana. Aliyevuka mwaka mmoja apigwe mgongoni mara 5 akiwa ameinamishwa, kisha mwokoaji akae nyuma yake na kubonyeza tumbo juu ya kitovu, ndani na kuelekea juu, mara 5. Kidole kisiingizwe kooni kutafuta kisichoonekana, kwa sababu kinasukuma. Akilegea na kupoteza fahamu, aanze kukandamizwa kifua na kupewa pumzi, na mtu mwingine awe tayari ameshapiga simu. Na hata kitu kikitoka, apelekwe kituoni, kwa sababu huenda kipo kingine, na tumbo lililobonyezwa linahitaji kuangaliwa.

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS nina machache. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kipimo cha dunia kinajulikana: kopo dogo lenye upana wa milimita 31.7, na mdoli au kipande chochote kinachozama chote ndani yake hakifai kwa umri huo. Kopo hilo linaweza kutengenezwa kwenye karakana yoyote. Wakaguzi wenu walitembeze Kariakoo, na kwenye minada na magulio yetu, kwenye magari yanayochomoka magurudumu, kwenye wanasesere wenye macho ya kubandika na midoli yenye kifirimbi tumboni. Kifirimbi hicho kikichomoka kikavutwa, mtoto hupiga mluzi kila anapopumua. Vifuniko vya kalamu navyo vina kiwango chake cha kimataifa, ISO 11540, kinachotaka kifuniko kiwe na tundu la kupitisha hewa kikikwama. Kalamu zisizo na tundu hilo zinauzwa mlangoni mwa shule za msingi. Na betri bapa za vitufe ziwe ndani ya kifuniko chenye skrubu. Zikikwama kwenye umio huunguza ndani ya saa 2, na huyo hana muda wa kusubiri zamu ya kesho.

Mheshimiwa Waziri, Bunge la bajeti huanza Aprili, na mwaka mpya wa fedha Julai 1. Katika hotuba ya Wizara yako naomba tusikie majina ya hospitali zitakazopata seti za watoto kwa mwaka huo, fungu la mafunzo ya timu zake, na tarehe ambayo kisanduku cha "alipaliwa" kitaanza kuonekana kwenye fomu za zahanati. Hicho cha mwisho kinaweza kuanza kabla ya Aprili, kwa waraka mmoja wa Mganga Mkuu wa Serikali kwenda kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya. Sisi wa vyumba vya usingizi tuko tayari kwenda wilayani kufundisha siku yoyote tutakayopangiwa.

Wenu katika kulijenga taifa,

Muuguzi wa usingizi
Kanda ya Ziwa